Kabla ya Tone la Kwanza

Mwaka 1756 daktari mmoja wa Edinburgh, Francis Home, alichapisha kitabu kuhusu kung'arisha vitambaa. Uskochi ya wakati huo ilitegemea sana kitani, na kitani kikitoka kwa mfumi kina rangi ya majani makavu. Ili kiwe cheupe kilichemshwa katika maji ya majivu, kikaanikwa uwanjani, kikalowekwa katika maziwa yaliyochacha, kisha kikarudishwa kwenye majivu, mzunguko uliochukua wiki na hata miezi. Majivu yenyewe yalinunuliwa kutoka nchi mbalimbali na hayakufanana. Yakiwa dhaifu, kitambaa kinabaki na rangi yake. Yakiwa makali kupita kiasi, nyuzi zinaliwa na nguo inachanika kabla haijafika dukani.

Home alichukua uzito maalumu wa majivu, akachanganya sehemu moja ya asidi ya nitriki na sehemu sita za maji, kisha akamimina mchanganyiko huo kwa kijiko cha chai, kimoja baada ya kingine, akihesabu mpaka majivu yalipoacha kutoa povu. Majivu yaliyomaliza vijiko vingi zaidi ndiyo yaliyokuwa na nguvu zaidi. Basi.

Wanaoandika historia ya kemia humkumbuka kwa vijiko hivyo. Mimi huvutiwa na yale aliyoyaamua kabla ya kijiko cha kwanza. Aliamua kwamba sampuli zitapimwa kwa uzito. Aliamua kwamba asidi yake itachanganywa kwa kipimo kilekile kila mara, na akalisema hilo kitabuni ili msomaji asije akaleta yake. Aliamua pia ni dalili gani itamwambia asimame. Ondoa uamuzi mmoja tu kati ya hayo, na hesabu yote ya vijiko haina maana tena, hata kama mkono uliomimina haukutetemeka.

Yeyote aliyesoma kemia kidato cha nne anaikumbuka titresheni. Anakumbuka bureti iliyobanwa kwenye stendi, chupa ya koni juu ya karatasi nyeupe, na ule uso wa mwenzake aliyepitisha tone moja akapata rangi ya waridi iliyoiva badala ya iliyofifia. Lakini rudi uisome karatasi ya mtihani. Imeandikwa kwamba mmumunyo A una gramu kadhaa za asidi kwa lita, kwamba B ni alikali, kwamba uchukue mililita 25 au 20, kwamba kiashiria ni hiki, kwamba urudie mara tatu na utafute wastani. Mtu mwingine amekwisha kufikiri. Ameamua ukolezi wa asidi ili bureti isikauke katikati ya kazi, ameamua rangi, ameamua hata idadi ya marudio. Kilichoachiwa mwanafunzi ni vidole na macho. Nchini Kenya, alama ya usahihi katika mtihani wa KCSE hutolewa kwa kulinganisha kiasi alichopata mtahiniwa na kile alichopata mwalimu katika maabara ileile, na sina ugomvi na utaratibu huo, kwa sababu shule hazina asidi moja. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kupata alama zote bila kuwahi kupanga jaribio hata moja. Mpe chupa isiyo na lebo, umwambie, "Hii ni alikali, nitajie ukolezi wake," halafu umtazame anavyotafuta karatasi yenye maelekezo.

Tuchukue chupa ya namna hiyo. Wengi mitaani wanayo, ila kwao ni ndoo. Mtengeneza sabuni ndogondogo ameyeyusha kostiki kwenye maji, akaiacha ipoe, labda amemaliza nusu na nusu imekaa. Sasa anataka kutengeneza sabuni nyingine na hakumbuki alitia kiasi gani, au anakumbuka lakini haiamini kumbukumbu yake. Kostiki ikipungua, mafuta yanabaki hayajageuka na sabuni inakuwa laini, yenye kunata. Ikizidi, sabuni inaunguza ngozi ya atakayeoga nayo. Kwa mafuta ya nazi kilo moja huhitaji takriban gramu 183 za hidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo kostiki yenyewe, na hapo hakuna nafasi kubwa ya kukisia.

Wengi wana haidromita, na ni kifaa kizuri. Kikielea kwenye kimiminika kinapima jambo moja: kimiminika hicho ni kizito kiasi gani kikilinganishwa na maji. Kikisoma 1.25, na kilichoyeyuka humo ni hidroksidi tupu, hiyo ni karibu asilimia 23 kwa uzito, yaani kama gramu 290 kwa lita. Tatizo limo katika neno "tupu". Haidromita haijui kilichoyeyuka. Mtu akitia chumvi ya mezani ndani ya ndoo, kifaa kitapanda juu kwa furaha ileile. Kimejibu swali, ila si lile lililoulizwa. Vidole navyo vina jibu lao: alikali huteleza kwa sababu inageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni palepale, na wapishi wa magharibi ya Kenya wanaochuja maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha mboga wameyazoea maji hayo kwa mkono na ulimi. Kwa majivu inatosha. Kwa kostiki ni njia ya kwenda hospitali.

Basi tupange titresheni, na tuanze na swali ambalo karatasi ya mtihani huliruka: kwani ndani ya ndoo hiyo mna nini?

Hidroksidi ya sodiamu haikai peke yake. Hewa ina kaboni dioksidi, kidogo tu, lakini ndoo iliyoachwa wazi ina muda wa kutosha. Kila molekuli ya gesi hiyo inayoingia inachukua hidroksidi mbili na kuacha kabonati moja. Kostiki iliyofungwa vibaya dukani imekwisha kuanza safari hiyo kabla haijanunuliwa. Kwa macho hakuna kilichobadilika: maji ni maangavu, yanateleza, haidromita inasoma vilevile au zaidi. Kwa sabuni kimebadilika kitu kikubwa, maana kabonati haigeuzi mafuta ya nazi kuwa sabuni kama ifanyavyo hidroksidi. Imo ndani ya ndoo, ni alikali, na haina kazi pale inapohitajika.

Asidi ikiingia kwenye mchanganyiko huo, jibu linategemea rangi uliyoichagua. Fenoftalini hupoteza uwaridi wake alikali inaposhuka kufikia pH ya 8 na kidogo. Hapo hidroksidi yote imekwisha, na kabonati imefika nusu ya njia: imekuwa bikabonati. Methili oranji hungoja hadi pH kati ya 4.4 na 3.1, na kufikia hapo bikabonati nayo imemalizwa. Kwa hiyo fenoftalini huihesabu kabonati nusu, na methili oranji huihesabu yote.

Tuweke tarakimu za mfano. Tunachukua mililita 10 za kimiminika cha ndoo, polepole kwa sababu ni kizito na hung'ang'ania kuta za pipeti, tunaziongezea maji hadi lita moja. Kutoka lita hiyo tunachukua mililita 25, tunatia fenoftalini, na asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita inateremka. Uwaridi unapotea kwenye 17.40. Tunatia methili oranji katika chupa ileile, tunaendelea, na rangi inageuka kwenye 18.20.

Aliyetumia methili oranji peke yake atapiga hesabu ya 18.20 na kuandika kwamba ndoo ina gramu 291 za hidroksidi kwa lita. Aliyetumia fenoftalini peke yake atapiga hesabu ya 17.40 na kuandika 278. Wote wawili wamesoma bureti vizuri, na wote wawili wamekosa. Ile tofauti ya 0.80 ndiyo nusu ya kabonati. Kabonati nzima imekula 1.60, hidroksidi imekula 16.60, na ndoo ina gramu 266 kwa lita. Mtengeneza sabuni anayeamini 291 atapima mililita 629 kwa kilo yake ya mafuta ya nazi akidhani amepata gramu 183, kumbe ana 167. Atailaumu nazi.

Njia hii ya rangi mbili katika chupa moja inafungamanishwa na jina la Robert Warder, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1881, na inapendeza kwa sababu haihitaji kifaa hata kimoja zaidi ya vile vilivyomo katika maabara ya sekondari. Inahitaji tu mtu aliyejiuliza mapema. Ina udhaifu wake: asidi ikidondoka kwa kasi, mahali inapoangukia kabonati hupitiliza hadi kutoa gesi, na gesi ikitoroka, hesabu ya nusu kwa nusu inavurugika. Ndiyo maana sehemu ya kwanza hufanywa taratibu, kimiminika kikiwa cha baridi, chupa ikizungushwa bila kukoma. Mwenye kloridi ya bari ana njia nyingine: anaitia kwanza, kabonati inaganda chini kama unga mweupe, kisha anapima hidroksidi iliyobaki kwa fenoftalini. Kloridi hiyo ni sumu, kwa hiyo kwa darasa nisingeipendekeza.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo hili la tarakimu mbili, maana uzuri wake haujaisha. Tuseme hujui kabisa kilichomo. Chupa ina kitu cha alikali, pengine kostiki, pengine magadi, pengine mchanganyiko. Pima sehemu ya kwanza mpaka uwaridi upotee, pima ya pili mpaka methili oranji igeuke, kisha linganisha. Ya pili ikiwa fupi kuliko ya kwanza, mna hidroksidi na kabonati. Zikilingana, ni kabonati peke yake. Ya pili ikiwa ndefu zaidi, mna bikabonati. Magadi ghafi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911, ni madini ya trona, na trona safi hubeba kabonati moja kwa bikabonati moja. Yayeyushe uyapime, na sehemu ya pili itatoka mara mbili ya ile ya kwanza. Yaliyochomwa kiwandani hadi gesi na maji kutoka yatasogea kuelekea kulingana. Kwa hiyo kabla hujajua ni kiasi gani, bureti imekwisha kukuambia ni nini. Jaribio lililopangwa kwa rangi moja lisingeweza kusema hivyo hata lingerudiwa mara mia.

Lakini yote haya yamesimama juu ya asidi ya moli 0.1 kwa lita, na ni nani aliyesema ni 0.1? Lebo. Na lebo iliandikwa na nani?

Hapa ndipo upangaji unapogeuka kuwa kazi ya kutafuta shahidi. Mahakamani haitoshi shahidi aseme. Lazima pawe na sababu ya kumwamini isiyotokana na maneno yake mwenyewe. Alikali haiwezi kujitolea ushahidi: ukiweka punje za kostiki kwenye mizani zinaanza kunywa unyevu wa hewa ukizitazama, na uzito unapanda huku mkono wako haujagusa kitu. Gramu 4.00 ulizopima ni hidroksidi, na maji, na kabonati, kwa uwiano ambao hukuupanga. Asidi hidrokloriki nayo huja kutoka kiwandani ikiwa kali, ikivukiza, na ukolezi wake ulioandikwa ni wa makadirio. Kupima mmoja kwa mwingine ni kuwauliza wawili wasioaminika wathibitishane.

William Lewis, daktari wa Kingston karibu na London, aliliona hili mwaka 1767. Makoloni ya Marekani yalikuwa yakifyeka misitu, yakichoma magogo, yakichuja majivu na kuyachemsha katika vyungu hadi yabaki magadi ya potasi, ambayo yalisafirishwa Uingereza kwa watengeneza sabuni, vioo na vitambaa. Kulikuwa na mazuri na kulikuwa na yaliyojaa chumvi na mchanga. Lewis aliacha kijiko akapima asidi kwa mizani, akaacha kungoja povu likome akatumia karatasi iliyotiwa rangi ya litmasi. Kubwa kuliko yote, kabla ya kuigusa sampuli ya mtu aliijaribu asidi yake kwa alikali safi ya uzito anaoujua. Kwangu hapo ndipo titresheni ilipozaliwa hasa, ingawa bureti na pipeti zilipata sura na majina kwa Wafaransa baadaye, Gay-Lussac akiwa mmoja wao katika miaka ya 1820.

Shahidi wa kisasa ana sifa zinazojulikana. Awe safi, asinywe unyevu, asibadilike kwenye rafu, na uzito wake uweze kusomwa kwenye mizani bila wasiwasi. Karl Friedrich Mohr, Mjerumani aliyeandika kitabu kikubwa cha titresheni mwaka 1855, alimpendekeza asidi oksaliki. Maabara nyingi leo hutumia fthalati ya hidrojeni ya potasiamu. Shule isiyo na hivyo inaweza kuwa na mwingine aliye nafuu zaidi: kabonati ya sodiamu. Naam, ileile inayoharibu ndoo yetu. Ikiwa safi, ikapashwa moto wa nyuzi 270 hivi kwa saa nzima ili bikabonati yoyote iliyojificha iondoke, ikapoa ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, inaaminika. Gramu 1.325 katika chupa yenye alama ya mililita 250 ni moli 0.05 kwa lita. Mililita 25 zake, kwa methili oranji, zinatakiwa kumaliza mililita 25 za asidi ya 0.1 barabara. Zikimaliza 24.60, asidi yako ni 0.1016, na tangu hapo utatumia namba hiyo, lebo iseme inavyotaka.

Kwa hiyo mnyororo ni huu: ndoo inaiamini asidi, asidi inaiamini kabonati, kabonati inaiamini mizani. Upangaji huanzia mwisho wa mnyororo na kurudi nyuma. Wengi huanzia kwenye ndoo kwa sababu ndiyo iliyo mbele yao.

Mambo madogo ya maabara ambayo wanafunzi huyakariri kama dua yana akili hiyohiyo ndani yake. Bureti isuuzwe kwa asidi itakayoibeba, pipeti isuuzwe kwa alikali, lakini chupa ya koni isuuzwe kwa maji tu. Kwa nini huyu atofautiane na wenzake? Kwa sababu bureti na pipeti hupima ujazo wa kitu chenye ukolezi fulani, na tone la maji lililobaki ndani hubadilisha ukolezi huo. Chupa ya koni haipimi chochote. Alikali iliyokwisha kuingia humo imehesabiwa tayari. Ongeza maji nusu kikombe na idadi ya chembe zake haipungui. Ukiisuuza kwa alikali ndipo unapoongeza kisichohesabiwa. Aliyelielewa hili hana haja ya kulikariri, na akikutana na chombo asichowahi kukiona atajua la kufanya. Vivyo hivyo na lile tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti, linalowatia wengi hamu ya kulipuliza: aliyechora mstari wa pipeti alikwisha kulitoa katika hesabu. Na kwa jina la macho na koo, alikali haivutwi kwa mdomo, hata kama kizazi cha walimu wetu kilivuta.

Kuna pia hesabu ya nafasi. Jicho zuri linasoma bureti kwa kosa la mililita 0.05, na kila kipimo kina kusoma mara mbili, mwanzo na mwisho, yaani 0.1 hivi. Ikiteremka asidi mililita 5 tu, kosa hilo ni asilimia 2. Ikiteremka 20, ni nusu ya asilimia. Ndiyo maana ndoo ilipunguzwa kwa maji mara mia kabla ya yote: hidroksidi ya moli saba kwa lita ingemaliza bureti kadhaa kwa mililita 25 zake, na hakuna anayetaka kujaza bureti katikati ya kipimo. Ili kujua ipunguzwe kiasi gani, lazima uwe na kisio la kwanza. Haidromita tuliyoikosoa inarudi hapa kwa heshima zake: kwa kukisia haina mpinzani. Maji ya kupunguzia yachemshwe kwanza, yapoe yakiwa yamefunikwa, la sivyo yanaleta kaboni dioksidi yao.

Na lipo kosa ambalo kupunguza kunalizuia bila mtu kujua. Fenoftalini katika alikali kali mno hung'aa waridi kisha hufifia, ikarudi kuwa maji matupu. Mtu asiyejua anadondosha kiashiria kwenye kostiki iliyokolea, anaona rangi inapotea, anahitimisha kwamba alikali ni dhaifu au haipo. Anatia kidole. Katika maabara sijui dalili nyingine inayosema uongo wa hatari kiasi hicho kwa sauti ya upole.

Nimesikia walimu wakisema kiashiria kikikosekana shuleni basi somo limeisha. Halijaisha. Robert Boyle alieleza mwaka 1664 jinsi sharubati ya urujuani inavyogeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alikali, na choya yetu, ile ya kutengenezea juisi nyekundu, ina rangi za jamii hiyohiyo. Ichemshe, idondoshe kwenye maji ya magadi, utaiona. Ila ijaribiwe kwanza: choya hubadilika polepole kupitia rangi za katikati, na watu wawili hawatakubaliana ni wapi pa kusimama. Kwa kuonyesha inafaa sana. Kwa 17.40 na 18.20 haifai. Jaribio zuri la darasa lingekuwa hilo lenyewe, wanafunzi kupima magadi kwa choya na kuona vipimo vyao vinatawanyika kiasi gani, kisha waulizwe wangepanga nini ili vitawanyike kidogo. Hapo wangekuwa wanafanya kemia.

Kutawanyika kwenyewe hueleweka vibaya. Tunafundishwa kwamba vipimo vitatu vikikaribiana ni ishara ya kazi safi, na ni kweli, ya kazi safi ya mkono. Asidi yenye lebo ya uongo itatoa 18.20, 18.20 na 18.25 kwa uaminifu mkubwa. Mashahidi watatu waliosimuliwa na mtu mmoja watakubaliana pia. Kuna hatari nyingine iliyo ndani ya kichwa: ukishapata 18.20 mara ya kwanza, jicho linaanza kuitafuta. Tone linaloning'inia kwenye 18.15 linasukumwa, la 18.30 linasomwa kwa kuinamisha kichwa kidogo. Dawa yake hupangwa mapema, nayo ni rahisi. Anza kila mara kwenye usomaji tofauti wa bureti, usiirudishe sifuri, na utoe hesabu ya tofauti baada ya vipimo vyote kuisha. Jicho haliwezi kutafuta namba lisiyoijua. Badilisha pia ujazo: chukua mililita 25 mara mbili, kisha 10. Kama jibu la ukolezi linahama ujazo ukibadilika, kuna kitu kinachoongezwa kila mara bila kuhesabiwa, na hakuna idadi ya marudio ya 25 ambayo ingekifichua.

Kabla ya kumpa mwenye ndoo jibu, ningeipitisha njia yote kwenye mchanganyiko niliouandaa mwenyewe, hidroksidi ambayo nimekwisha kuipima na kabonati iliyopimwa kwa mizani, nione kama tarakimu mbili zinarudisha nilichokitia. Ni saa moja zaidi ya kazi. Wengi huiona ni anasa, kwa kuwa haijibu lolote kuhusu ndoo. Mimi naiona ndiyo sehemu pekee ya siku ambapo njia yenyewe ndiyo inayofanyiwa mtihani.

Kisha kuna la kuandika. Mwenye ndoo anataka namba moja, na atapewa: gramu 266 za hidroksidi kwa lita, nazo ndizo za kutengenezea sabuni. Chini yake ningeandika kabonati gramu 34, kwa sababu mwezi ujao, mfuniko ukiendelea kuachwa wazi, ya kwanza itashuka na ya pili itapanda, na bila ya pili hatajua ilikokwenda ya kwanza. Ningeandika viashiria viwili na mpangilio wake, jina la shahidi aliyeipima asidi, na tarehe. Singeandika 265.6, ingawa kikokotoo kinaionyesha, kwa kuwa pipeti ya mililita 10 iliyobeba kimiminika kizito kama kile haiwezi kuidhamini ile 6 ya mwisho. Na ningemwambia ahamishie kostiki yake kwenye galoni la plastiki la kumudu ujazo wake, lijae hadi shingoni, lifungwe kwa kifuniko cha kuzungusha. Chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo itagandamana na haitafunguka tena.